Nyumba Yetu, Kiwanja cha Wenyewe

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, sisi dada watatu hukutana Majengo, hapa Mombasa, kabla jua halijakolea. Mkubwa wetu huja kwa feri kutoka Likoni. Wa kati huvuka daraja la Nyali kwa matatu. Mdogo huja kwa miguu, kwani kwake ni mtaa wa pili. Mkononi tuna mikoba miwili. Wa kwanza ni wa kupokelea kodi za vyumba katika nyumba aliyotuachia marehemu mama yetu, Allah amrehemu. Wa pili ni mdogo, wa kitambaa, nao ni wa kupelekea kodi ya kiwanja ambacho nyumba hiyo imesimama juu yake. Asubuhi sisi ni wenye nyumba. Ikifika adhuhuri tumekuwa wapangaji.

Wasomaji wetu wengi wanaijua nyumba ya namna hii hata kama hawajawahi kuingia yetu. Mbele pana baraza ya kukalia, imelainika kwa miaka ya watu kuketi. Ukivuka mlango unakuta ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi uani, na vyumba vitatu kila upande. Kuta ni za fito na udongo, zimepigwa chokaa mara nyingi hata pembe zake zimeviringana. Paa ni la mabati. Masika ikilipiga, mazungumzo husimama mpaka mvua ipite. Uani mna jiko la pamoja, vyoo viwili, kamba za nguo, na kisima kilichofunikwa kwa ubao. Maji yake yana chumvi, hufaa kufulia na kuoshea vyombo tu. Ya kunywa hununuliwa mtungi kwa mtungi kwa wasukuma mikokoteni, na siku mifereji inapokauka mjini, bei ya mtungi hupanda kabla ya adhuhuri.

Mama aliinunua mwaka 1978. Aliuza vikuku vyake vinne vya dhahabu, akaongeza akiba ya mahamri aliyokuwa akipika alfajiri na kuuza kwa wafanyakazi wa bandari. Baba hakutia mkono humo, wala mama hakumwomba. Watu wa nje husikia habari hii wakastaajabu, lakini mwenyeji wa Mombasa hashangai, kwani wanawake wa mji huu wamemiliki, wamenunua na wamepangisha nyumba tangu zamani. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, amewaandika wanawake wenye mali yao wenyewe. Mama hakukisoma. Yeye alijua tu kwamba dhahabu mkononi huibwa, na chumba hakiibwi.

Alichokinunua, hata hivyo, ni kuta na paa. Ardhi haikuwa ya muuzaji, kwa hiyo haikuweza kuwa ya mama. Hapa hatuna budi kusimama kidogo, maana vijana wetu wengi wanaishi katika jambo hili bila ya kulijua.

Katika sheria ya Kiislamu kama ilivyofuatwa pwani, nyumba au mnazi waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine. Sheria ya Kiingereza haioni hivyo; kwake kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Mkoloni alipoleta Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, kila aliyedai ardhi katika ukanda wa pwani alitakiwa aandikishe dai lake. Wenye kujua mambo ya karatasi waliandikisha. Wengine hawakuandikisha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kifalme. Majengo ulipokuwa ukijaa watu waliovutwa na kazi za bandari ya Kilindini, wenye hati walikodisha viwanja, na wasio na hati wakajenga juu yake nyumba za udongo, wakilipa kodi ya kiwanja mwezi kwa mwezi. Ndiyo maana mtaa mzima una nyumba ambazo wenyewe wanaziita zao, wanaziuza, wanazirithisha, na hawana hati hata moja ya ardhi. Benki haimkopeshi mtu kwa nyumba kama hiyo. Mama hakuruhusiwa kuijenga kwa mawe, kwani mwenye kiwanja hakutaka kitu kisichobomoka upesi.

Basi tunaanza na chumba cha mbele, upande wa kulia, ambacho mlango wake umetobolewa kuelekea barabarani. Humo yumo fundi cherehani, naye hulipa shilingi 6,000. Huyu hana maneno. Bahasha yake huwa imewekwa chini ya mkasi. Vyumba vitatu vya wapangaji wa karibuni hulipa 3,500 kila kimoja. Viwili vya wapangaji wakongwe vimebaki 2,000, na mama alituusia tusiviguse. Jumla ni 20,500 mwezi ukijaa. Kwa mwaka ni 246,000, kiasi ambacho hakijafika 288,000, pale kodi ya serikali ya mapato ya nyumba za kuishi inapoanzia. Aliyefika hapo, mpaka milioni 15 kwa mwaka, hutozwa tangu Januari 2024 asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea, bila ya kutoa gharama ya mabati wala ya fundi, na hulipa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tunalitaja hili kwa akina mama wenye vyumba kumi na zaidi ambao hudhani vyumba vya udongo havionekani.

Ugomvi mkubwa wa nyumba yetu haukuwa kodi, ulikuwa umeme. Mita ni moja, tokeni ni moja, na wapangaji ni sita. Mwenye friji alisema friji yake haili kitu. Mwenye pasi alisema anapiga Ijumaa tu. Ilifika hadi tokeni ikiisha usiku, kila mtu hulala kimya gizani akimngoja mwenziwe aone uchovu wa joto kwanza. Tuliweka mita ndogo kwa kila chumba, gharama tukaitoa sisi, na tangu siku hiyo imedhihirika kwamba friji ilikuwa ikila sana. Mwenyewe ameiuza.

Tulikuwa hatuji wenyewe. Kwa miaka miwili baada ya mama kufariki tulimwachia kaka yetu, kwani alisema si vizuri wanawake kuzunguka milango ya watu wakidai pesa. Tuliona ni heshima anatufanyia. Kaka alipokea kwa simu, hakutoa stakabadhi, akisema ujumbe wa M-Pesa unatosha. Hatukuuliza mengi. Fedha ilifika, tukashukuru.

Kisha likatokea la chumba cha nne. Humo anaishi mwanamke aliyeingia wakati mama yu hai, naye hukaanga viazi vya karai barazani jioni. Binti yake alilazwa hospitali, na yeye akawa analala huko huko, biashara imesimama. Kodi ya miezi miwili ikapita. Jioni moja baada ya Maghribi kaka alifika, akabisha, hakujibiwa, akapachika kufuli lake juu ya la mpangaji. Saa nne ya usiku mama wa watu alirudi kuchukua nguo za mtoto, akaukuta mlango wake haufunguki. Ndani mlikuwa na nguo, kadi ya hospitali na karai lake. Alilala kwenye mkeka katika chumba cha jirani. Sisi tulipata habari asubuhi, kwa mdogo wetu, ambaye aliisikia dukani kabla hajaisikia kwetu.

Tulikwenda sote watatu. Kufuli tulilifungua, na hapo mlangoni, mbele ya wapangaji wote, mkubwa wetu alimwomba radhi. Mama yule alisema, "Wanangu, mimi sina neno na nyinyi. Lakini mama yenu alikuwa akibisha mara tatu, kisha huuliza jirani." Hatukuwa na jawabu.

Siku ile ndipo tulipotafuta daftari la mama. Lilikuwa ndani ya sanduku, limefungwa kwa kipande cha leso. Kila chumba kina kurasa zake, kwa hati za Kiarabu maneno ya Kiswahili, kama alivyofundishwa chuoni. Mdogo wetu ndiye tu anayesoma hati hizo vizuri. Katika kurasa za chumba cha nne tuliona kwamba mpangaji yule alitoa amana ya shilingi 2,000 siku aliyoingia. Yeye mwenyewe alikuwa ameisahau, na kaka hakuijua. Deni lake halisi lilikuwa la mwezi mmoja. Na juu ya hapo, miezi kadhaa ya miaka ya nyuma ilikuwa imeandikwa pembeni neno moja tu, "nimesamehe", bila ya sababu. Si chumba hicho peke yake. Vyumba vyote vilikuwa na neno hilo mahali fulani, isipokuwa cha fundi cherehani, ambaye inaonekana alikuwa vile vile alivyo sasa.

Baadaye mwanasheria mmoja wa ukoo alitueleza kwamba kaka alikuwa na bahati kutoshtakiwa. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi imo chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, na mpangaji wake hatolewi bila ya amri ya baraza la kodi. Kufuli si amri. Na chumba cha fundi, kwa kuwa ni duka na hatujawahi kuandikiana mkataba, kiko chini ya Sura ya 301. Tukitaka kumpandishia au kumtoa ni lazima tumpe notisi ya miezi miwili kwa namna iliyowekwa, naye ana haki ya kulipeleka jambo mbele ya baraza. Tulisikiliza kwa aibu. Sisi ni watu tunaohifadhi Aya ya 282 ya Suratul Baqara, inayoamrisha deni liandikwe, na ya 280, juu ya kumngoja mdaiwa aliye katika dhiki, na zote mbili tulikuwa tumeziacha mlangoni.

Tangu hapo tunakuja wenyewe, na kila anayelipa hupewa stakabadhi iliyotiwa saini. Kaka alinuna miezi mitatu. Sasa hununua mabati.

Tukimaliza, tunakula mahamri na mbaazi barazani, kisha tunashika njia. Wangeweza kutupeleka kwa tuktuk, lakini mama alikuwa akienda kwa miguu, nasi tumeona njia hiyo inatupa nafasi ya kusemezana. Tunapita Mwembe Tayari penye mabasi na wauza maji baridi. Kutoka hapo tunaingia mtaa wa Biashara, ambapo leso zimetundikwa hadi barabarani na kila mwenye duka humwita mpita njia dada. Wa kati hawezi kupita bila ya kusoma majina ya leso mpya, humngoja. Tunavuka barabara ya Digo, tunaacha Marikiti na harufu yake ya ndizi mbivu na bizari, na ghafla njia inakuwa nyembamba, jua linapotea juu ya vichwa vyetu, na tumo Mji wa Kale.

Kwa mtu anayetoka Majengo, mabadiliko haya ni makubwa. Hapa nyumba ni za mawe na chokaa, zimepanda ghorofa mbili tatu, zina roshani za mbao zinazoelekeana, na milango iliyochongwa ambayo wageni huipiga picha. Sisi vile vile huitazama, ila kwa jicho la mtu anayelipa kodi. Tunajua kwamba nyuma ya baadhi ya milango hii yalikaa makabati yenye hati za viwanja vya Majengo, Kisauni na kwengineko. Utaona nyumba nzuri ambayo ghorofa yake ya juu imeanguka, mti umeota dirishani. Ukiuliza, utaambiwa warithi ni wengi, wako Muscat, wako London, na hakuna aliyekubali kutia saini. Kwa hiyo hata mawe hayana usalama.

Ofisi tunayoiendea iko chini ya nyumba moja ya Kibokoni. Humo hukaa mzee anayewawekea wenye kiwanja hesabu zao. Sisi humwita Ami, kama alivyomwita mama. Ana meza, feni, na kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni. Miaka yote tumempa 1,500, akaandika polepole, akauliza hali za watoto, akatupa tende.

Mwezi uliopita hakutoa tende. Alitoa barua. Mwenye kiwanja wa zamani amefariki, warithi wamegawana, na kiwanja chetu kimeangukia mikononi mwa vijana wasiokaa hapa. Wanataka kodi ipande hadi 5,000. Au, barua ilisema, watamkubalia mnunuzi anayetaka kujenga ghorofa za kupangisha, na nyumba zilizopo ziondolewe katika muda wa miezi mitatu.

Tulifanya hesabu pale pale, nyuma ya barua. Katika 20,500 tunatoa 1,500 ya kiwanja na 4,000 ya matengenezo, hubaki 15,000. Mahakama ya Kadhi ilitugawia mafungu matano, mawili ya kaka na moja moja letu. Basi kaka hupata 6,000 na kila mmoja wetu 3,000. Kiwanja kikiwa 5,000 hubaki 11,500, na fungu letu huwa 2,300. Mtu atasema tofauti ya shilingi 700 si kitu. Kwa mkubwa wetu, ambaye ni mjane, ndiyo gesi yake. Tungeweza kuipata kwa kuwapandishia wale wakongwe wawili. Wazo hilo lilipita vichwani mwetu sote, na hakuna aliyelitamka mpaka tulipofika Mwembe Tayari. Aliyelitamka tunamsitiri.

Safari hii tulirudi kwa Ami na maneno tuliyoyapanga. Wa kati ndiye aliyesema. "Ami, mama yetu amelipa kodi hii tangu 1978, na stakabadhi zote tunazo. Hatukatai kuongeza. Tunaomba ipande kwa hatua, na tunaomba warithi watuulize sisi kwanza kabla ya kumuuzia mtu mwengine. Wakikubali tutatafuta njia ya kununua."

Ami alivua miwani. "Mtapata wapi fedha, wanangu?"

"Mama alipata wapi?"

Alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Alituambia atawapigia simu warithi, ila hawezi kuahidi, kwani yeye ni mwenye kuandika tu. Tulijua anasema kweli. Tulijua pia namna mtu anavyojisikia akiketi upande ule wa meza wenye kiti kifupi, akisubiri uamuzi wa watu ambao hawajawahi kuona ua wake. Akaandika stakabadhi ya mwezi huu kwa kiasi cha zamani, 1,500. Kabla hatujatoka alitusukumia sahani ya tende.

Tulifika Majengo adhana ya Alasiri inaanza. Mwanamke wa chumba cha nne alikuwa ameketi barazani, anamenya viazi. Binti yake amepona, anamsaidia. Alituangalia nyuso zetu akauliza kulikoni. Katika miaka yote hiyo hatukuwahi kuwaambia wapangaji wetu kwamba kiwanja si chetu. Mama pia hakuwaambia. Pengine ni fahari, pengine ni kutotaka kuwatia hofu. Lakini nyumba ikiondolewa, sisi tutapoteza mafungu yetu na wao watapoteza mahali pa kulala, na hao ndio hawakuwa na habari.

Tuliswali uani. Kisha mdogo wetu akagonga milango, mara tatu kila mmoja, akawaomba watoke. Fundi alikuja na mkanda wa kupimia shingoni. Wote walikaa ukumbini, waliokosa mkeka wakaegemea ukuta, na tukawasomea barua ile kutoka mwanzo hadi mwisho. Kulikuwa kimya. Wa kwanza kuzungumza alikuwa fundi, ambaye hatujawahi kumsikia akisema sentensi ndefu.

"Kiwanja hiki kina upana gani?" aliuliza, akiuvua mkanda wake.

Akatoka nje kwenda kupima, na watoto wakamfuata.